Kitufe cha Ramani

Jumatatu, 4 Machi
Bosi anatafuta mtu wa kutengeneza vitufe. Sisi tunauza matangi ya maji, na wateja wote wamo kwenye kompyuta. Anataka dereva akibofya jina la mteja, ramani ifunguke na kumwonyesha njia. Atakayefaulu atakuwa msimamizi wa mauzo. Mwenzangu wa meza ya jirani, tunayemwita Tai kwa kuwa haivui tai yake ya shingoni hata kwenye joto, alikuwa bado anafikiri. Nikasema naweza. Siwezi, lakini hilo ni la kesho.

Jumanne, 5 Machi
Kumbe rahisi! Unaiambia kompyuta ifungue programu gani na iipelekee taarifa ipi. Kulikuwa na safu mbili za anwani. Nimechukua ya kwanza. Muda ukabaki, nikautumia vizuri: kila palipoandikwa kwamba mteja anahudumiwa na Tai, nimeweka jina langu. Bosi ajionee nani anaibeba kampuni hii. Nimejaribu kitufe mara moja. Ramani ikafunguka. Mtaa niliuona kama naufahamu, ila sikuutilia maanani.

Jumatano, 6 Machi
Asubuhi bosi alinipa mkono mbele ya wote. Tai akauliza kwa upole kama nimekijaribu kwa wateja wengi. Nikamwambia aache wivu.

Mchana mke wangu akapiga simu: lori limeshusha tangi uani. Nikasema dereva kapotea. Akapiga tena: limekuja la pili. Mara ya tatu hakunisalimia.
“Mama yangu yuko chooni,” alisema, “na tangi limeegemea mlango.”

Nikaenda mbio. Uani matangi, barabarani malori. Ndipo nikaelewa: safu ya kwanza ni anwani ya nyumbani kwa mhudumu, si ya mteja, na kompyuta huibadilisha yenyewe kufuata jina lake. Na karibu kila mteja sasa mhudumu wake ni mimi. Tulisukuma, madereva na mimi, hadi mlango ukafunguka. Mama mkwe akatoka taratibu, akanipita kama anayepita nguzo.

Alhamisi, 7 Machi
Tangi moja lilikuwa la zahanati. La kwao la zamani limepasuka, na wodi ya wazazi imekaa bila maji tangu jana kwa sababu yangu. Tai alikuja na lori bila kuitwa, tukalipeleka. Muuguzi mkuu hakunigombeza. Alinipa ndoo. Nikachota kisimani hadi tangi lilipofungwa. Mama mmoja aliyejifungua usiku akaniombea baraka, akidhani nimejitolea. Sikuweza kumtazama.

Ijumaa, 8 Machi
Kompyuta inakumbuka nani kabadilisha nini. Sikulijua hilo. Bosi analijua. Tai ndiye msimamizi. Kitufe amekirekebisha kabla chai haijapoa. Bosi alitaka kunifukuza, Tai akaniombea msamaha. Nimehamishiwa stoo. Mama mkwe amerudi kwake. Salamu zangu anazipokea kupitia binti yake.

Jumatatu, 11 Machi
Stoo ni tulivu. Nayo ina kompyuta. Nimetengeneza kitufe: unabofya mara moja, ujumbe wa kuomba radhi unakwenda kwa wateja wote, chini yake jina langu na cheo ambacho naamini nitapewa. Tai amepita akauliza kama nimekijaribu. Nikamjibu nimeshajaribu. Nitakibofya sasa hivi, kabla hajarudi.