Mke Kaja kwa Basi, Mimi Nangoja Ndege

Leo nimeumbuka, jamaa zangu. Na kanzu ya Idi nimevaa.

Mnajua Mama Shamsa yuko Nairobi kwa kaka yake tangu mambo ya huku Busia, upande wa Uganda, yaharibike na lori langu likose matairi. Nimebaki na redio na sufuria. Juzi Mama Akinyi, yule anayevuka kila siku kutoka upande wa Kenya kuuza vitunguu, akaniletea habari: mke wangu anakuja Jumamosi, tuzungumze kama arudi moja kwa moja.

Furaha ikanipanda kichwani. Nikamwambia, "Mpelekee salamu asipande basi, ataumia mgongo. Apande ndege mpaka Entebbe, chini ya saa moja. Pale achukue ile ndogo ya Tororo. Nitampokea." (Mimi dereva, mjuzi wa masafa.)

"Baba Shamsa, si basi linamshusha hapo ng'ambo tu, avuke kwa miguu?"

"Wewe shughulika na vitunguu," nikamjibu.

Leo asubuhi nikachinja jogoo wangu wa mwisho, nikamkaanga, nikamtia kikapuni. Nikafunga nyumba na kudandia lori la watu mpaka Tororo. Uwanjani hapakuwa na abiria wala karani. Mbuzi tu, na mimi nanukia udi. (Ningepaswa kushtuka hapo. Nilidhani nimewahi.)

Ndege ikatua kweli. Nikaikimbilia ngazi, mikono juu, naita, "Karibu nyumbani, mke wangu!"

Akateremka afisa wa jeshi mwenye tumbo lake, askari wenye bunduki nyuma.

"Nani mke yako?" akaniuliza.

Nikashusha mikono. "Si wewe, afande. Nangoja bibi yangu, anatoka Nairobi."

"Hii ndege ya jeshi. Ya raia ilisha zamani. Wewe hapana jua?"

"Sikujua, afande."

"Kikapu iko na nini?"

Wakamla jogoo mzima mpaka shingo, mimi nimechuchumaa juani. Aliposhiba, afisa akaniambia niende, na nikimpata huyo mke nimsalimie. Askari wakacheka. Nami nikacheka, ningefanyaje.

Kurudi ikawa vizuizi vitupu: shuka, panda, toa kitambulisho, shuka tena. Barabara hiyo zamani nilikuwa naimaliza kabla hamu ya sigara haijanirudia. Nafika Busia jua linazama, askari wanafunga mpaka. Ng'ambo nikamwona Mama Akinyi, na kando yake Mama Shamsa na mzigo wake.

"Nimekaa mlangoni kwako tangu adhuhuri mpaka kibali cha kuvuka kikaisha," mke wangu akaniita. "Ulikuwa wapi?"

"Tororo. Kukupokea."

"Ile habari ya ndege? Nilijua unatania."

Akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, kisha akaendelea kujifuta bila kucheka. Alfajiri basi linamrudisha, maana mtoto wetu Shamsa kamwacha Nairobi ana homa.

"Nilitaka nione kama bado unaningoja," akasema. "Nimekuta kufuli."

Nilitaka kumwambia kwamba leo sikufanya kingine ila kumngoja, lakini askari alikwisha kunisukuma nyuma. Sijui kama atakuja tena.

Najua mtanicheka. Nawaombeni basi mje mnichekee hapa hapa nyumbani. Kimya kimezidi.