Nilivyompimia Shangazi Ng'onda

Khanga ya pamba inazuiaje mionzi? Mwenye jibu aniandikie. Mimi nimesomea fizikia na sina.

Leo nimeumbuka. Sokoni Mocímboa, huku Msumbiji, mbele za watu.

Kuna sauti inazunguka kwenye simu: eti samaki wana mionzi. Nani kawapima? Hakuna anayejua. Lakini wateja wamemkimbia Shangazi Zainabu, muuza ng'onda, samaki wakavu, na mzigo wote umemlalia. Nikamwambia, "Shangazi, mimi siamini uvumi. Naamini kipimo." (Nilisema hivyo kwa sauti, majirani wasikie.)

Kipimo nimekitengeneza mwenyewe chumbani kwangu: mrija wa kioo wenye gesi ndani. Mionzi ikipita, gesi inapitisha umeme kidogo, spika inalia tik. Chumbani kililia tik... tik... Kawaida kabisa, mionzi kidogo ipo kila mahali.

Mchana, jua kali, nikakifikisha kwenye meza ya shangazi. Watu wakajaa. Nikakisogeza kwa samaki.

Trrrrrrrr!

"Yarabi!" Mama Sumaili, mteja wake wa siku zote, akatupa fungu alilolishika.

"Mwanangu, umeniua," shangazi akasema.

Nikapima meza. Trrrr! Nikapima mbuzi aliyekuwa anapita. Trrrr! "Mnaona? Kinalia kwa kila kitu, kwa hiyo kina hitilafu..."

"Jipime wewe, doutora," akasema Mama Sumaili, akiniita daktari kwa Kireno.

Nikajipima. (Kwa nini nilikubali?) Trrrrrrrrrr! Umati mzima ukarudi nyuma.

Hapo shangazi akaivuta khanga yake ya begani, akaikunja mara mbili, akanifunika gubigubi, mimi na mashine yangu. Tik... tik... Basi.

"Mmesikia?" akawatangazia. "Samaki wangu wazima. Mgonjwa huyu."

"Shangazi, khanga haiwezi kuzuia..."

"Kaa humo humo!"

Nikainua pindo kidogo. Trrrr! Nikalishusha haraka.

Nimekaa humo humo mpaka ng'onda wakaisha. Kila mteja aliyekuja aliuliza, "Bado anatoa?" Na shangazi, huku anafunga samaki: "Anapungua, alhamdulillahi."

Wameisha wote. Msinicheke, nina jasho la samaki.

Nyongeza, miezi mingi baadaye: mrija wa kioo kitupu kama ule hutakiwa kufunikwa kwa kitu cheusi, mwanga usiingie. Wangu ulikuwa unahesabu jua.