Malkia wa Kiwanda cha Sabuni

Jumatatu, 3 Juni
Mwongozaji, huna haya! Miezi miwili nashona joho la malkia, mahameli tupu, vidole vimekuwa chujio. Leo unatangaza mchezo wetu wa nyimbo umehama kasri, umekwenda kiwanda cha sabuni! Malkia sasa ni msimamizi wa zamu. Eti watazamaji wajione. Nikamuuliza nani atalipa kiingilio akajione, kwao hakuna kioo? Akanijibu, Bibi, shona ovaroli. Ovaroli! Na malkia mwenyewe ni mjukuu wangu.

Jumatano, 5 Juni
Joho wamelikataa. Ulimi je? Nimemfungia mjukuu chumba cha kushonea, nikamfundisha kusema kimalkia: polepole, kidevu juu, kila neno lishuke ngazi. Kinyozi, anayecheza mfalme, akachungulia, naye akataka. Huyo enzi hana hata chembe. Nikamfundisha kufoka kama afande.

Alhamisi, 6 Juni
Mazoezi. Malkia anaongea kikasri, mfalme kikambini, wengine kisokoni, wote wamezunguka pipa moja la sabuni! Mwongozaji akashika kichwa, akauliza nani anawafundisha. Nikabana pini mdomoni. Akasema mjukuu akirudia, nafasi inakwenda kwa binti wa mama anayewapaka poda. Na huyo mama akanichekea! Mjukuu kalia njia nzima: Bibi, usiniharibie, nafasi hii nimeingoja miaka. Nikaapa.

Jumamosi, 8 Juni
Onyesho la kwanza. Mjukuu akaanza kikiwanda, ukumbi ukapiga makofi. Sikatai. Ila alipofika kwenye wimbo wa kuagana, kidevu kikashuka. Nani angevumilia? Nyuma ya pazia nikainua changu, nimwonyeshe tu. Akaniona. Mtoto mtiifu! Akarudi kasri katikati ya sentensi. Mzee wa safu ya mbele akauliza kwa sauti, huyu kapandishwa cheo saa ngapi? Kicheko ukumbi mzima. Mlangoni mama mmoja akasema kiwanda kizuri, ila kila mfanyakazi katoka nchi yake. Hawajui sanaa hawa.

Jumapili, 9 Juni
Nafasi imekwenda kwa binti wa mama poda. Mjukuu hanisemeshi, chai yangu hakuigusa. Nimekaa nikafikiri kwa makini nilikosea wapi. Nimepata: somo la siku moja halikutosha.

Huyo binti anakuja kesho kupimwa ovaroli. Nimemsikia akiimba. Sauti inamtokea puani! Mama yake amlete saa mbili kamili, amwache, aende zake. Mlango naufunga mimi.