Mbingu Chini ya Tangi

Jumatatu, 14 Julai 2025
Kikao cha wazazi huko Ndama, shuleni kwa binti yangu Atwine. Usingizi mtupu, hadi aliposimama Mwalimu Edith wa fizikia. Alisema vumbi la angani linatuangukia kila siku, hata kwenye mabati yetu. Punje huingia hewani kwa kasi kali, hupata moto, huyeyuka, huwa tone. Likipoa, ni gololi nyeusi, ndogo kuliko chembe ya chumvi. Nyingine huteketea hukohuko juu. Zenye chuma hunaswa na sumaku. Wazazi wenzangu walipiga miayo. Mimi niliandika kila neno. Bati ninalo! Sasa watu wa kijijini kwetu Nyakasimbi watajua nani mtaalamu. Si jirani yangu Anatory, anayeheshimiwa eti kwa kuchomelea mageti.

Jumanne, 15 Julai
Sumaku nimeing'oa kwenye spika ya redio ya mke wangu, Kokugonza. Redio haisemi tena. Ataelewa. Nikafagia bati: majani, kinyesi cha ndege, gololi chache. Ndipo akili ikanijia. Mvua zote zimesukuma vumbi la batini kwenye tangi letu la maji! Nikafungua koki. Maji yote yakaenda migombani. Nikapitisha sumaku kwenye tope la chini. Gololi tele! Nyeusi, zinang'aa. Nililia.
Kokugonza naye alilia, kwa sababu zake. Aliuliza kiangazi hiki tutakunywa nini. Nikamwambia yale yalikuwa maji tu, hii ni mbingu. Alichukua ndoo, akateremka bondeni kuchota maji.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemwita Anatory aone, ili aumie. Aliangalia, akacheka, akaomba radhi, akacheka tena. Wivu! Jioni akamletea mke wangu madumu ya maji kwa pikipiki yake, bila kuombwa. Mnafiki. Kokugonza alimshukuru kwa sauti ambayo sijaisikia tangu harusi yetu.

Ijumaa, 18 Julai
Bodaboda hadi Ndama. Mwalimu Edith aliziweka gololi chini ya hadubini. Akainua kichwa.
“Baba Atwine,” akasema, “karibu na kwako kuna mtu anachomelea?”
Kumbe cheche za kuchomelea nazo ni chuma kilichoyeyuka, nazo hupoa zikawa gololi. Upepo huzileta. Nimemwaga maji ya familia ili kuokota takataka za Anatory!
Lakini moja ilimshtua. Uso wa gololi hiyo ulikuwa na mistari, kama kitu kilichoganda ghafla. Hiyo, alisema, huenda kweli imetoka juu, ila lazima ipimwe. Nikapiga meza kwa furaha. Ikaruka. Tuliitafuta sakafuni kwa magoti, mwalimu na mimi, mpaka akachoka.
Nyumbani hakuna mtu. Kokugonza amekwenda kwao Mabira. Amebeba nguo zake, na redio.

Jumapili, 20 Julai
Mabira. Nilipiga goti, nikatoa shikamoo zote. Baba mkwe hakunihurumia. Kokugonza alisema mlangoni kwamba amechoka kuishi na mtu anayeona mbinguni lakini haoni ndoo tupu. Niliona aibu. Machozi yalitoka yenyewe. Nikaahidi mbele ya wazazi wake: mipango yangu imekwisha, tangi nitalijaza kwa mikono yangu. Akalegea. Akanipa chai, akasema tutarudi pamoja Jumanne. Namshukuru Mungu.
Nikiwa nakunywa, nikatazama bati lao. Pana, la zamani. Hakuna anayechomelea kijiji kizima! Na tangi lao ni la saruji, mara tatu ya letu. Nimeligonga. Limejaa.
Kesho wote wanakwenda kuchuma kahawa. Nimesema mgongo unauma.