Mashine Inayosikiliza Vyura

Jumatatu, 3 Machi

Wamejibu! Mfuko umejibu! Ule unaotoa fedha kwa watu wanaotumia akili bandia kuokoa mazingira. Katika waombaji wote wameniona mimi, fundi wa redio na simu, mwenye kibanda mbele ya nyumba yetu, mkabala na kinamasi. Nimesoma barua pepe nikiwa nimesimama. Nikakaa. Nikasimama tena.

Wanasema mashine yangu inayosikiliza vyura na kueleza hali ya kinamasi imewavutia mno. Wanasema mtathmini wao atakuja Ijumaa kuiona ikifanya kazi.

Kuiona.

Nimekaa tena.

Mashine haipo. Nilipoandika "tumeshaiunda" nilimaanisha moyoni. Moyoni imekamilika kabisa, hadi rangi.

Nimemwambia mke wangu nusu ya habari, ile nusu nzuri. Akauliza akili bandia ndiyo nini. Nikamweleza. Akasema hiyo mbona ninayo siku nyingi, ningeomba ya kweli.

Sikucheka.

Jumanne, 4 Machi

Sijalala vizuri. Lakini nijitetee: tatizo si la kubuni. Malori yanamwaga kifusi kwenye kinamasi upande wa barabarani. Maji yanakosa pa kwenda, yanakuja kwetu. Masika yaliyopita tuliweka kitanda juu ya matofali na bado mke wangu akaamka akakanyaga maji. Sasa anga likinguruma tu anakunja mkeka. Kwa hiyo tatizo ni la kweli. Nilichodanganya ni suluhisho peke yake.

Leo nimejaribu kuiunda mashine kwa haki. Nimepakua programu ya bure na kuifundisha kwa sauti nilizozirekodi kinamasini. Nikaipa chura. Ikasema: pikipiki. Nikaipa chura mwingine, mkubwa. Pikipiki. Ikapita pikipiki ya kweli barabarani. Ikasema: chura. Mke wangu akaniita nikale. Ikasema: king'ora.

Nimeizima asije akaisoma.

Habari mbaya zaidi. Shemeji, kaka yake mke wangu, anayefanya kazi ofisi ya maji, naye ameomba mfuko huohuo! Mtathmini atamtembelea Ijumaa hiyohiyo, asubuhi. Yeye ana kamera juu ya nguzo inayotazama maji na kutambua yanapopanda. Ipo. Nguzo ipo, kamera ipo, kila kitu kipo. Mtu hana aibu. Aliniuliza yangu imefikia wapi. Nikamjibu iko hatua ya juu zaidi, haihitaji nguzo.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata! Mjomba!

Mjomba wangu alikuwa mtangazaji wa stesheni ya treni hadi alipostaafu. Sauti yake ikisema "tafadhali" unatafuta tiketi hata kama umekaa kwako. Mpango: Mjomba akae stoo, nyuma ya kibanda, na maikrofoni. Waya upite chini ya mlango hadi kwenye sanduku lenye spika na taa ya kijani. Vyura walie, sanduku lizungumze. Nani atajua?

Nilipomweleza alikasirika. Akaniuliza kama nataka adanganye watu na mvi zake hizi. Nikainamisha kichwa. Akafika mlangoni. Kisha akauliza maikrofoni ni ya aina gani.

Maji nimeyavulia nguo, sharti niyaoge.

Alhamisi, 6 Machi

Mazoezi. Presha juu.

Nilimwandikia Mjomba maneno machache: "Vyura wengi. Hali ya kinamasi ni nzuri." Basi. Nikawasha taa ya kijani. Sanduku likanguruma: "Tahadhari! Tahadhari! Chura anawasili kutoka upande wa kusini. Wote mnaombwa kukaa mbali na ukingo!"

Nikamwomba apunguze. Akasema tangazo lisilo na tahadhari si tangazo. Tukabishana hadi akatishia kustaafu mara ya pili.

Katikati ya hayo akaingia Shemeji kuazima bisibisi. Stoo ikanyamaza kama kaburi. Shemeji alilizunguka sanduku, akalinyanyua kwa mkono mmoja, akauliza mbona jepesi hivi. Nikamwambia akili haina uzito. Akasema kweli, na akanitazama mimi.

Kaondoka na bisibisi yangu nzuri.

Ijumaa, 7 Machi

Nitaandika yote.

Mtathmini alifika jioni, vyura walipoanza. Nilitegemea mtu wa suti. Akaja mama wa makamo mwenye buti za mpira, matope hadi magotini. Ameshapita kinamasini mwenyewe! Dalili mbaya. Mke wangu akamkaribisha kiti, akasimama mlangoni na mikono kifuani.

Nikawasha taa. Vyura wakalia. Sanduku likasema, kwa utulivu wa ajabu, kwamba vyura ni wengi na hali ya kinamasi ni nzuri. Mama akaandika kitu. Nikapumua kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Akauliza: "Na upande wa barabarani je?"

Sanduku kimya. Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nikaligonga kidogo. Badala ya jibu, sanduku likapiga chafya.

"Pole," akasema mama.

"Asante, mwanangu," likasema sanduku. "Ni vumbi la humu."

Nikaeleza kwamba siku hizi mashine zinafundishwa adabu. Mama akaitikia kwa kichwa, polepole. Akalisogelea sanduku, akaliinamia, akasema kwa heshima zote:

"Shikamoo."

Nikaomba moyoni. Mjomba, nakusihi. Lakini mzee aliyelelewa akalelewa hawezi kuacha salamu ikining'inia hewani.

"Marahaba!" likanguruma sanduku. "Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

Mama akaufuata waya hadi mlango wa stoo, akaufungua. Mjomba alikuwa ameketi juu ya kreti, tai shingoni. Tai! Kwa kukaa gizani! Akasimama, akamuuliza mgeni kama sauti ilifika vizuri.

Mama alicheka hadi akatafuta kiti. Mke wangu hakucheka. Ningependa apige kelele, lakini alinitazama tu, kisha akatazama chini ya ukuta, pale alama ya maji ya masika inapopita juu ya kifundo cha mguu. Hapo ndipo nilipoumia.

Kisha mama akaacha kucheka. Akauliza zile sauti nilizosema kwenye ombi kwamba nimezikusanya, nazo ni za nani, za Mjomba? Nikakasirika kidogo. Nikamwambia hapana, zile ni za vyura. Nimezunguka kinamasi kila jioni tangu mvua za vuli na simu yangu, pembe zote nne, nikaumwa na mbu hadi nikaugua. Akaomba kuzisikia.

Akasikiliza upande wa kusini. Kelele tupu za vyura. Akasikiliza upande wa barabarani. Mwanzoni, zile za vuli, kelele. Kisha vyura wachache. Kisha chura mmoja. Kisha malori peke yake.

Akairudisha ile ya mwisho, akaisikiliza tena. Mjomba akalegeza tai.

"Hizi ni za kweli?" akauliza.

"Hizo ni za kweli."

"Sasa kwa nini ulituletea sanduku?"

Nikaizima taa ya kijani.

Amesema mfuko hautoi fedha kwa mashine ya moyoni. Lakini kamera ya Shemeji inaona maji, na sauti zangu zinasikia kinachokufa. Zikiunganishwa, wapo wataalamu wa kuifundisha programu ya kweli, na ushahidi utapelekwa kwa wakubwa wa mji. Shemeji aongoze. Mimi niwe mrekodi sauti. Sharti moja: niandike ombi upya, ukweli mtupu, kabla ya Jumanne.

Mrekodi sauti! Chini ya Shemeji!

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kaja. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alinishika mkono, akasema ile kazi ya jioni zote asingeiweza yeye. Karudisha na bisibisi.

Siwezi hata kumchukia kwa raha.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeandika ukweli. Umetosha nusu ukurasa! Nilijihisi kama nimetoka nje bila shati. Sentensi moja ilijaribu kujiandika yenyewe, kuhusu "mtandao wetu wa wasaidizi". Mke wangu, aliyekuwa begani kwangu, akaweka kidole juu ya kioo cha simu. Nikafuta.

Nimetuma. Kumbe hata ukweli una wasiwasi wake.

Alhamisi, 20 Machi

Wamekubali! Na malori yamesimamishwa hadi uchunguzi uishe. Mlinzi wa mji amekaa pale barabarani na filimbi. Jioni nilienda na mke wangu upande ule. Tukasimama muda mrefu. Kukawa kimya, kimya, kisha akanibana mkono: mmoja amelia. Dhaifu, lakini chura. Alikuwa anatabasamu. Sijamwona akitabasamu vile tangu masika yale.

Nimejiapia: uongo basi. Ng'o. Nimeona faida ya ukweli kwa macho na masikio yangu.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeona tangazo. Mfuko mwingine, mkubwa zaidi! Unatafuta watu wanaolinda misitu ya milimani kwa akili bandia kutoka angani. Mwisho wa maombi ni leo. Leo! Hapakuwa na muda wa kueleza mambo kwa undani. Ilibidi nifupishe. Nimeandika tu kwamba tunayo setilaiti yetu wenyewe. Ndogo.

Wamejibu papo hapo. Watu wa haraka, nimewapenda. Wanauliza iko umbali gani kutoka ardhini.

Nimejibu: inategemea na siku.