Mtungi wa Bi Agnesi na Kichwa Changu

Jamani, leo nimeumbuka. Nimeumbukia kijijini Mkunya, jua linawaka, mbele ya watu ninaotaka kuoa kwao. Nasimulia mwenyewe, tena mapema, kwa sababu kuna dada mmoja alikuwa na simu mkononi muda wote, na video ikifika kwenye magrupu haitafika na maelezo.

Mnajua nimepeleka posa kwa kina Esta (mliokuwa hamjui, sasa mmejua). Baba yake hana neno. Lakini huku kwetu baba analea, mjomba anaozesha, na Mjomba Daudi, kaka yake Mama Esta, alikuwa hajajibu. Nikikutana naye namwamkia, anaitikia marahaba, anauliza mikorosho ya kwetu imechanuaje, anaondoka. Posa haigusi. Nimekonda mpaka wateja wangu wameanza kunipa pole ya msiba.

Jana ndiyo akanipigia. Mdogo wake Esta anatoka unyagoni, pombe ya sherehe lazima ipikwe nyumbani, na Mama Esta anakwenda kuchagua vyombo. Wanahitaji mtu wa kubeba. Halafu akasema, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba tukimaliza atanipa jibu langu. Leo asubuhi nikafunga kibanda cha kunyolea mbio mbio (kuna mteja nilimwacha upande mmoja tu umenyolewa, kaka nisamehe, kesho namalizia bure).

Sasa, mniache niwaeleze kuhusu mama mkwe wa huku. Mkwe na mama mkwe hawazoeani. Hamshikani mikono, hamkai mkeka mmoja. Ukitaka kumpa kiberiti unakiweka chini, unarudi nyuma, yeye anakuja anakiokota. Mimi nilikuwa sijawa mkwe, lakini Mama Esta alishaanza kujizoeza. Alitangulia mbele, kanga imefunika kichwa, na kila alichotaka kuniambia alimwambia kaka yake, kaka yake ndiye aniambie, na hali wote watatu tumesimama pale pale.

Tukaanzia maduka ya Newala mjini kwa ajili ya sufuria. Ndugu zangu, yule mama ni fundi. Mimi nilikuwa naangalia sufuria linalong'aa. Yeye hata mng'ao hakuutazama. Aliligeuza, akaweka kiganja kwenye kitako, akabonyeza. Kitako kikabonyea kidogo tu, akalirudisha. Akamwambia kaka yake kwamba uji wa mtama ni mzito, kitako chembamba kitaushika, na pombe ikishaungua hata mlevi ataikataa. Muuza duka akasema masufuria yake yote yametoka Masasi, ni mazito. Mama Esta akamwitikia vizuri tu, akaendelea kubonyeza. La mwisho kabisa, lile lililokuwa chini ya rundo na vumbi lake, halikubonyea. Akalipiga kwa kidole mara moja, akasikiliza, akasema hili. Yule muuza duka mwenyewe alilichukua akalibonyeza, akaguna. Nilijisikia fahari utadhani ni mama yangu mzazi.

Lililobaki ni mtungi wa kuumulia pombe. Ndoo ya plastiki hataki kusikia. Akasema, kupitia mjomba, kwamba mtungi mpya ni mgeni, haujui pombe ni nini. Unatafutwa mtungi mkongwe, uliokwisha kunywa pombe za watu wengi, ndio unaoumua vizuri. Na anayo nyumba moja kichwani, kwa Bi Agnesi, Mkunya. Tukapanda bodaboda, mimi na sufuria langu kichwani kwa kukosa pa kuliweka.

Bi Agnesi ni mama mtu mzima aliyeacha kupika pombe kwa sababu ya miguu. Mtungi wake ulikuwa wa mama yake. Akautoa uani, akauweka kwenye mchanga, akaufuta kwa kanga yake mwenyewe. Mweusi, tumbo kubwa, shingo iliyobana kidogo, imezungushiwa nakshi, hauna ufa hata mmoja. Akasema wamekuja wengi kuutaka, akawanyima, maana walitaka kuupandia maua. Huyu aliyekuja kupikia atampa.

Mama Esta hakuomba maji ya kuujaribu (maji Newala ni ya taabu, si ya kumwagia mchanga). Aliugonga kwa fundo la kidole pande zote, taratibu, sikio limekaribia. Akaingiza mkono, akasugua ndani, akanusa vidole. Uso ukamlainika. Akamwambia kaka yake, "Mwambie kijana naye anuse, ajue kwetu tunakunywa nini."

Hapo ndipo nilipojiharibia. Mtu mwenye akili angeinama, angevuta pumzi pale mdomoni, angesema harufu nzuri. Mimi nilitaka waone kwamba sifanyi mambo nusu nusu. Kazi yangu ni vichwa, kila siku nashika vichwa, nikautazama mdomo wa mtungi nikajiambia changu kinaingia. Nikapiga magoti, nikakitia.

Kiliingia. Hilo sikukosea.

Harufu ya mle ndani ni ya ajabu, sidanganyi. Mtama, moshi, na utamu fulani wa sherehe za watu nisiowajua. Nikasema, "Mama, harufu nzuri sana," sauti ikanirudia nene utafikiri nahubiri. Nikavuta kichwa nitoke. Masikio yakakataa. Yalikuwa yameingia yamelala, sasa yakasimama. Nikavuta tena. Mtungi ukanyanyuka na mimi.

Kisha nikasikia Bi Agnesi anamtaja mama yake, marehemu.

Mjomba Daudi akanishika kiuno akavuta. Niliona nyota, mchana, ndani ya mtungi. Majirani wakaanza kuingia, nasikia tu ndala zinaongezeka. Mzee mmoja akapiga hodi, akauliza kuna nini, na mimi nilivyolelewa, mkubwa akiingia unaamkia. Nikasema kutoka mle mle, "Shikamoo, mzee." Akasita, akajibu, "Marahaba," lakini nadhani aliujibu mtungi.

Mjomba akaagiza jiwe. Akasema mtungi ni udongo, kichwa ni cha mtoto wa watu, auvunje mambo yaishe. Bi Agnesi akaanza kulia kweli, si utani, kilio cha chini chini, na nikajua kwamba wakiuvunja, hata nikijibiwa ndiyo, kila sherehe ya ukoo ule nitatajwa kwa mtungi huu. Nikapiga kelele, "Msivunje! Nitakaa humu humu!" (Msinione shujaa. Nilikuwa pia nafikiria jiwe litaanzia upande gani.)

Ndipo nikasikia Mama Esta anaomba mafuta ya ufuta. Akawaelekeza waniinamishe, wayamimine shingoni mwangu yashuke masikioni, kisha mtu alaze sikio moja kwa kidole kimoja, taratibu, bila kuvuta. Akajaribu jirani mmoja, akajaribu wa pili. Mikono ya wanaume wa shamba, jamani. Nikalia nami.

"Hamjui," Mama Esta akasema. "Nipisheni."

Mjomba akamzuia. "Dada, huyu ni mkwe. Utamshika kichwa?"

Mimi mle ndani nimeacha hata kupumua, maana posa yangu yote ilikuwa imening'inia kwenye neno hilo moja.

"Umeshamjibu?" Mama Esta akauliza.

"Bado."

"Basi hajawa mkwe wangu. Ni mtoto aliyekwama."

Nikahisi vidole vimepita kati ya shingo yangu na udongo. Vyepesi, vina mafuta, havina haraka. Vilevile alivyosugua mtungi. Akalilaza sikio la kushoto, akaninong'oneza moja kwa moja, bila mjomba wala nani, "Tulia, mwanangu, geuka kidogo." Nikageuka. Akalilaza la kulia. Kichwa kikatoka, nikakaa kitako mchangani, watu wakapiga vigelegele. Na mtungi mzima! Hauna hata mkwaruzo. Bi Agnesi akaukumbatia. Mama Esta akachukua ncha ya kanga yake akawa ananifuta masikio kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, na mimi, mtu mzima mwenye ndevu, machozi yakanitoka nikayasingizia mafuta.

Mjomba Daudi alikuwa amesimama na jiwe lake mkononi. Akasema vijana wengi wa siku hizi wanampita barabarani vichwa viko wazi na hawamwamkii mtu, huyu kichwa kiko mtungini na ameamkia. Akalitupa jiwe.

"Nimekubali," akasema. "Dada, mwachie. Huyo sasa ni mkwe wako."

Mama Esta akaliachia sikio langu hapo hapo, likiwa halijakauka. Akafunika kichwa, akarudi nyuma hatua kadhaa, akanigeuzia mgongo. Kisha akamwambia kaka yake aniambie kwamba upande wa kulia bado kuna mafuta.

Esta akiwauliza, tafadhalini, semeni nilijibiwa nikiwa nimesimama.