Gia Iliyokazwa Bila Ridhaa ya Mjomba

Kolonga, Tongatapu
Alhamisi, baada ya mvua

Kwa mkubwa wangu, Dada Kalolaine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti limepungua kuuma. Sisi huku hatujambo, ila mimi nina jambo, na jambo lenyewe ni gari.

Najua kati ya nyumba yako na yangu kuna shamba la muhogo tu na nguruwe wachache, na mtu mwingine angevuka akaja kusema kwa mdomo. Lakini wewe ni dada yangu, na kaka mwenye adabu haingii chumba alichokaa dada yake akaanza kubwabwaja. Kwa hiyo naandika. Mke wangu Losaline ataileta akija kuazima sufuria.

Mlalamikiwa ni mmoja, mwanao Penisimani. Wiki iliyopita, nikiwa shambani navuna viazi vikuu, alifungua gari langu, akang'oa ile raba inayofunika mkono wa gia, akatoa bushi zilizosagika, vile vipete vinavyoushika mkono usichezecheze, akazitupa kwenye kopo la misumari, akaweka mpya zilizotoka Auckland zimefungwa ndani ya soksi. Kisha akakaza nati zote na kuondoka akipiga mluzi. Niliporudi nilikuta mkono wa gia umesimama wima kama askari wa gwaride. Nikausukuma, gia namba moja ikaingia hapo hapo. Nilishuka nikatazama namba za gari nihakikishe ni langu.

Naomba nieleze madhara niliyoyapata, kwa mpangilio.

1. Peni ni mpwa wangu, na mila yetu haina utata: cha mjomba ni cha mpwa, haombi, anachukua. Alichukua shati langu la kanisani, sikusema. Alichukua nguruwe jike mwenye mimba, nikamsaidia kumkimbiza. Akachukua redio, panga, na viatu ambavyo hata havimtoshi, nikanyamaza, maana mkataa kwao mtumwa. Kitu kimoja tu hakuwahi kukichukua, nacho ni gari, na si kwa sababu ya huruma. Mkono wa gia ulikuwa umelegea mno, unacheza kama mwiko kwenye uji, na hapakuwa na binadamu aliyeweza kupata gia isipokuwa mimi. Mila ilisema gari ni lake, gia ikamwambia hapana. Hiyo ndiyo kesi pekee niliyowahi kushinda katika ukoo huu.

2. Elimu yangu imetupwa. Namba moja ulikuwa unaisukuma hadi karibu na goti la abiria, kisha unairudisha kidogo kama mtu aliyebadili mawazo. Namba mbili unaivuta huku umeinua kiwiko. Namba tatu haitafutwi, inasubiriwa. Ilikuwa inakuja yenyewe ukishapita tangi la maji la kijiji. Namba nne sikuwahi kuihitaji, maana kisiwa chenyewe kina wapi pa kukimbilia? Rivasi unainyanyua kwa vidole viwili na kuibembeleza. Unamkumbuka mwizi aliyeliiba gari hili? Gia pekee aliyoipata ilikuwa hiyo ya rivasi, akaenda kinyumenyume hadi uzio wa kanisa, akaliacha linanguruma na kutimua mbio. Ujuzi wote huo Peni ameutia kwenye kopo la misumari.

3. Gari limekuwa la kila mtu. Jumatatu lilibeba vijana wa raga, na unajua walivyo wanene. Jumanne lilibeba matarumbeta ya bendi ya kanisa. Jana lilibeba nguruwe wa msiba, naye alikalia kiti cha mbele. Shemasi Hopoate alinipita njiani, yeye ndani ya gari langu, mimi kwa miguu na gunia begani. Akatoa kichwa dirishani, "Lisiate! Gia laini hii bwana, kama siagi! Mbona ulikuwa unatunyima siku zote?" Hakusimama. Nadhani alikuwa amefika namba nne na hakutaka kuiacha.

4. Hadhi yangu imeporomoka. Zamani mwenye shida alikuja barazani, akaketi, tukanywa kava, akaulizia viazi vyangu, ndipo aseme, "Lisiate, tafadhali, bibi anaumwa, utupeleke hospitali." Nami nilikuwa nakohoa, navaa kofia, na kusema ngoja tuone kama gia itakubali. Sasa kichwa kinachungulia dirishani: "Mjomba, funguo." Leo asubuhi hata hilo neno mjomba halikutajwa.

5. Nimelifikiria pia taifa. Gia ikitengenezwa leo, kesho litatengenezwa jenereta langu, ambalo linawaka kwa teke langu mimi tu. Keshokutwa itazibwa mashua ya mjomba mwenzangu Semisi, inayovuja mahali anapopajua yeye peke yake. Vitu vyote vikishapona, wajomba wa Tonga tutabaki na nini? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini wahenga hao hawakuwa na wapwa. Napendekeza mkutano wa kijiji upitishe kwamba kila mwanamume mwenye dada aruhusiwe kumiliki kitu kimoja kibovu, kisiguswe hadi afe, na kirithiwe kikiwa kibovu vilevile. Ikibidi suala lifike bungeni, mimi niko tayari kwenda kutoa ushahidi, ila itabidi mtu anipe lifti.

6. Hili la mwisho nililifuta, nikaliandika tena. Kila Jumapili nilikuwa nakupeleka kanisani, na kila Ijumaa zahanati kwa ajili ya goti. Wewe nyuma, mimi mbele, kama inavyotakiwa, na hatukuongea. Lakini pale njia panda, nikiwa naitafuta namba mbili na kiwiko changu hewani, nilikuwa nakusikia unakohoa kidogo ili usicheke, vilevile ulivyokuwa unakohoa tukiwa wadogo, kabla sijaota ndevu na kupelekwa kulala nyumba nyingine. Tangu wakati ule sikuwahi kupata mahali pengine pa kuwa karibu nawe. Jumapili iliyopita nililiona gari linatoka kwenu, Peni akiwa kwenye usukani, nikajua umo kiti cha nyuma, nikajifunika shuka gubigubi na kusema nina homa. Nasema bushi, bushi, lakini kinachoniuma ni hicho, dada. Kinaniuma sana.

Kwa hayo yote naomba kwa heshima umwamuru mwanao, kwa kuwa mimi simwezi, azirudishe bushi za zamani. Nimezikusanya kutoka kwenye lile kopo, pamoja na zile zilizokwisha kuwa unga, zimo ndani ya bahasha hii. Akishindwa, basi alegeze nati kiasi cha kumsumbua Shemasi.

Nisalimie watoto wote na wajukuu. Msalimie Peni, ila si sana. Msalimie na yule nguruwe wangu jike, na wanawe kama amejifungua salama.

Ni mimi mdogo wako mtiifu, ninayetembea kwa miguu,
Lisiate Vaipulu

Tanbihi. Losaline ameisoma barua kabla sijaifunga, akacheka hadi akakaa chini. Anasema, "We mwanamume, wivu utakuua bure! Wifi hajakanyaga gari hilo tangu litengenezwe. Jumapili kavaa, kafunga kiunoni mkeka wake wa heshima wa kanisani, kakaa mlangoni anakungoja wewe. Peni kapiga honi weee, kaambiwa, 'Dereva wangu si wewe.' Kaenda kwa miguu na goti lake hilo hilo, na wewe umelala hapa na homa yako ya uongo."

Anasema pia kwamba bushi uliziagiza wewe, kwa binti yako wa Auckland, kwa sababu kutoka kiti cha nyuma ulikuwa unaona bega langu linavyoniuma kila nikivuta namba mbili. Sikuwahi kumwambia mtu kuhusu bega hilo.

Basi futa namba moja hadi sita. Gia isiguswe, na huo unga wa bushi uumwage. Kesho ni Ijumaa, nitakuwa langoni kwako mapema. Funguo nimemwomba Peni, naye kwa ukarimu wake amekubali kuniazima. Ila kuna jambo moja dogo. Mlango wa nyuma, ule wa upande wako, haufunguki kwa ndani, mpaka mimi nishuke, nizunguke, nikufungulie. Peni ameshauona na ameshaanza kutafuta spana. Tafadhali, dada yangu, mwambie auache.